Agosti ya Mama Wakwe

Nyinyi vijana wa pikipiki mnaopita mbele ya duka langu mkipiga honi kama mnafukuza ng'ombe, leo nawaandikia nyinyi. Nimeona niandike kwa sababu mkisimama hapa mnataka petroli ya chupa na kiraka cha tyubu tu, halafu mnaondoka, hamkai nikawaeleza. Mimi Makokha sikusoma. Darasa la nne nilitokea dirishani na sikurudi kwa mlango. Lakini kila mtu anayebeba abiria kwa magurudumu mawili hapa Busia anakula leo kwa sababu ya mwezi mmoja wa nane, miaka ile ya sabini, na mwezi huo mimi nilikuwa mbele. Mkisikia mtu mwingine anadai ni yeye, mwulizeni baiskeli yake ilikuwa na godoro la rangi gani. Hatajua.

Langu lilikuwa jekundu lenye maua. Nawaambia hili mapema ili mjue mnaongea na nani. Kati ya geti letu na geti la Uganda mtu alikuwa anatembea na mzigo wake mpaka shingo inazama mabegani, na sisi ndio tuliokuwa pale tukiita "boda, boda", abiria anapanda kwa kerea, kile kiti cha nyuma chenye godoro, tunampeleka. Tukitoka hapo tunashika lami kwenda upande wa Mundika. Baiskeli zilikuwa zimepangwa steji nzima, na akina mama walikuwa wanazipita zote wakija kukaa kwa maua yangu. Wenzangu walinuna. Ningefanya nini, niyang'oe maua?

Baiskeli za wakati huo zilikuwa za chuma, nyeusi, nzito kama mlango wa benki. Breki zake zilikuwa za fimbo, na mvua ikinyesha zinalia tu, hazishiki. Kwa hivyo breki yetu ya kweli ilikuwa kandambili. Unashusha mguu, unakandamiza soli kwa tairi, baiskeli inapunguza mwendo kwa adabu. Wengine waliharibu kandambili kila wiki. Mimi nilikata soli kutoka kwa tairi kuukuu la lori nikaishona chini ya kandambili, na ile ilidumu mpaka watu wakaanza kuniletea miguu yao niwapime. Pia nilibeba kitambaa kikavu mfukoni, siyo cha jasho, cha kupangusa rimu kabla ya mteremko. Hata nyinyi wenye breki za kisasa, panguseni kwanza. Maji hayajui kwamba umenunua kitu cha bei.

Aliyenifundisha barabara ni Mzee Ekisa, Mteso wa Angurai. Yeye alikuwa ameendesha Malaba kwanza, katikati ya matangi ya mafuta yanayongoja kuvuka, na pale ukikosea hakuna wa kukuuliza ulikuwa unafikiria nini. Siku yangu ya kwanza alinikalisha kando ya barabara asubuhi nzima bila kuniruhusu kupanda baiskeli.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Madereva, mzee."

"Wanakusaidia nini? Dereva anaweza kukuchekea meno yote nje na lori linakujia. Angalia gurudumu la mbele. Gurudumu halijui kudanganya."

Nimeendesha maisha yangu yote kwa neno hilo. Lori likitaka kukata kona, tairi la mbele linaanza kugeuka kabla hata dereva hajaamua vizuri. Chukueni hilo, ni la bure.

Kitu kingine alichonifundisha ni kwamba barabara ina misimu. Aprili watu wanaanguka kwa sababu ya matope, lakini wanaanguka polepole na mahali laini, wanaamka wakicheka. Wakati wa pamba malori yanapita yamelala upande mmoja, yamejazwa mpaka juu ya kichwa cha dereva, na ukiwa kando yake unasali. Desemba wanarudi wale wa Nairobi waliosahau kwamba mbuzi wa hapa hawaangalii kushoto wala kulia. Hayo yote yanaeleweka. Mwezi ambao haukueleweka ulikuwa wa nane. Mvua ya kawaida, malori ya kawaida, na bado baiskeli zilikuwa zinaingia mtaroni kama vyura.

Sasa kulikuwa na sajenti wa trafiki, mtu mrefu, kwao ni mbali sana na huku, lakini hakuwa mbaya. Hakula hongo, na hilo lilitusumbua mwanzoni. Asubuhi moja Agosti ikikaribia akaniita nyuma ya ofisi yake. Aliniita mimi kwa sababu alijua nikisema kitu steji inasikia.

"Makokha, hii ni nini?"

"Ni ukuta, afande."

"Na hii?"

"Chaki, afande."

"Kila mstari ni mtu aliyeanguka na baiskeli zenu. Huu ni mwezi wa sita. Huu wa saba. Sasa angalia hapa, Agosti ya mwaka jana."

Nikaangalia. Miezi mingine ilikuwa na vijiti viwili vitatu, lakini Agosti ilikuwa imesongamana kama ua wa boma la ng'ombe.

"Ni pombe," akasema.

"Afande, pombe tunakunywa miezi yote."

Alitaka kucheka akajizuia. "Sikiliza. Agosti hii ikifanana na ile, hakuna baiskeli itabeba mtu kwa lami yangu tena. Mtabeba mahindi. Waambie wenzako."

Nilirudi steji nikihesabu nitakachopoteza. Mimi nilikuwa nimeacha jembe. Nyumba yangu ya mabati, mke wangu Nekesa niliyemwoa mwaka uliopita, shati nililovaa, vyote vilikuwa vimekaa juu ya ile kerea yenye maua. Na mahindi hayalipi kama mtu. Mahindi hayana haraka.

Nikawaambia wenzangu. Kila mmoja akaapa hataanguka. Agosti ikaingia, na siku ya kwanza ya soko, mbele ya macho yangu, Wesonga akaingia mtaroni.

Wesonga alikuwa kijana mwenye nguvu kuliko sisi wote, na siku hiyo alikuwa amembeba karani wa forodha aliyevaa nguo nyeupe kutoka shingoni mpaka soksi. Lami ilikuwa kavu. Hakukuwa na lori. Nilimwona akienda sawasawa, halafu ghafla akakata kushoto kama mtu aliyeitwa jina, wakapotea wote wawili. Nilipofika karani alikuwa amesimama ndani ya maji, nusu yake nyeupe na nusu kahawia.

"Wesonga, ni nini?"

"Mbwa."

"Mbwa gani?"

"Mbwa mkubwa. Amekatiza."

Karani akaingilia. "Mimi sikuona mbwa. Niliona mama mmoja na kikapu."

"Na mbwa pia," Wesonga akasema, lakini alikuwa anaangalia chini.

Nikainua macho. Kweli, mbele kidogo kulikuwa na mama amesimama pembeni, ameipa barabara mgongo na leso ameivuta mpaka kichwani. Anaangalia mihogo ya watu kama hajawahi kuona mihogo.

Hapo nikashika kiuno nikacheka mpaka karani akadhani namcheka yeye. Ikabidi nimwombe msamaha na nimfikishe kwake bure, kwa maua.

Vijana wa leo hamtaelewa, kwa hivyo nawaeleza. Nyinyi mtu anambeba mama mkwe wake mwenyewe, anamuuliza kama ameshika vizuri. Kwetu wakati huo, awe Mluhya awe Mteso, kijana hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Mkikutana njiani unatoka njiani. Unaingia porini, unaingia shambani, unaingia popote palipo karibu, na yeye anageuka. Ndiyo heshima. Kwa miguu ni kitu rahisi, hatua kidogo tu na umeshaheshimu. Lakini kwa baiskeli, na abiria nyuma, na mtaro kando?

Na mwezi wa nane ni mwezi gani? Ni mavuno. Kila mama mwenye mahindi na mtama anatembea kwenda soko la Busia. Nasi kwenye steji karibu wote tulikuwa tumeoa juzi juzi, wake zetu wametoka Mundika, Nangina, Angurai. Ile barabara ya Agosti ilikuwa imejaa mama wakwe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikaanza kuwauliza waliowahi kuanguka, mmoja mmoja. Huyu alisema mbwa, yule mbwa, mwingine ndama. Hakuna aliyetaka kutaja mama mkwe wake kwa mdomo, kwa maana hiyo nayo ni aibu. Nikawaambia, basi mbwa wote wa Busia wanavaa leso. Mmoja akaanza kucheka, na ikawa kicheko cha steji nzima. Mtaniuliza kama mimi niliwahi kuanguka. Mimi sikuanguka. Kuna siku niliegesha haraka.

Kujua ni kitu kimoja. Dawa ilikuwa wapi? Dawa ya kwanza ilikuwa ya Wesonga, na naisema ili msidhani kila wazo la steji ni zuri. Alisema anayetangulia akiona mama mkwe wa mtu apige kengele kwa mfululizo, na wa nyuma ajiandae. Tukakubali. Kesho yake asubuhi tukiwa tumefuatana, wa mbele akapiga kengele. Hakuna aliyejua ni mama mkwe wa nani. Kila mtu akadhani ni wake. Karibu mstari wote ukaingia mtaroni kwa heshima kubwa, abiria na kuku wao. Mama mwenyewe alikuwa muuza vyungu kutoka ng'ambo, hana hata binti. Alitusimamia pale juu akauliza, "Bassebo, mabwana, mnatafuta nini humo?"

Jioni Mzee Ekisa akaniambia, "Makokha, mnaongea wenyewe kwa wenyewe. Nenda uongee na wao."

"Na nani?"

"Na mama wakwe. Anza na wako."

Nilimwangalia kama ameniambia nikaongee na gavana wa Uganda. Lakini sajenti alikuwa ameshaongeza vijiti ukutani, na Agosti ilikuwa bado na siku nyingi. Nikamchukua Nekesa tukaenda kwao Mundika.

Hivi ndivyo mazungumzo yalivyokuwa. Mama Nekesa alikuwa ndani ya jiko lake. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya ukuta wa jiko hilo hilo, nimepewa kiti kilichoelekea shambani. Nekesa alisimama mlangoni katikati yetu. Ukuta ulikuwa wa udongo na ulikuwa na ufa. Kila mtu alisikia kila kitu, lakini hakuna aliyesikia mpaka Nekesa aseme.

"Mwambie mama," nikasema, "kwamba tunaanguka."

"Anasema wanaanguka," Nekesa akasema.

"Mwambie nimeona," sauti ikatoka jikoni. "Mwambie mwaka jana nilimwona yeye mwenyewe akiingia kwa ndizi."

"Anasema mwaka jana..."

"Mwambie niliegesha."

Nikasikia watu wakicheka jikoni, kumbe alikuwa na jirani zake humo. Nikaeleza shida yote: sajenti, lami, baiskeli kubeba mahindi badala ya watu. Nekesa akarudia kidogo kidogo. Jikoni mwiko ukaendelea kugonga sufuria. Halafu Mama Nekesa akasema.

"Mwambie mume wako mimi nilimpa binti, sikumpa barabara yote. Sisi tunatembea upande wa kushoto kama wao, migongo tumewapa. Hatujui nani anakuja. Tukisikia kengele tunageuka, na hapo tunakutana macho kwa macho. Si ndivyo?"

"Ndivyo," nikasema, nikasahau kupitia kwa Nekesa. Nekesa akanikazia macho.

"Basi sisi tutatembea upande wa kulia. Tutawaona wakija kutoka mbali. Nikimwona mkwe wangu, mimi ndiye nitakayetoka barabarani, nigeuke. Yeye anyooke. Mwenye miguu atoke, mwenye magurudumu asitoke."

Vijana, mjue alichotoa pale. Kutoka njiani ni kazi ya mdogo. Mama yule alikubali kutupisha sisi, watoto, ili tusivunjike shingo. Nilitaka kusema asante moja kwa moja, Nekesa akanikazia macho tena. Nikakohoa tu.

"Na mwambie," akaongeza, "kikapu changu ni kizito. Kama hawezi kunibeba yeye, kuna wengine wenye baiskeli."

Hapo ndipo nilipopata akili yangu ile kubwa. Wesonga hakuoa kwa akina Nekesa. Wesonga akambeba Mama Nekesa, na mimi nikambeba mama mkwe wa Wesonga. Steji nzima tukabadilishana hivyo. Habari ilipita kanisani, ikapita kisimani, na kufika soko lililofuata akina mama walikuwa upande wa kulia wote, mstari mmoja, vikapu vimenyooka. Sajenti alisimamisha Land Rover akatoka kuangalia.

"Tangu nihamie hapa nawaambia watembee wakitazama magari," akasema. "Nani amewabadilisha?"

"Heshima, afande."

"Heshima gani?"

"Ya kawaida."

Mzee Ekisa alikaa pale steji juu ya tairi kuukuu akinitania. "Makokha, leo umebeba mama mkwe wa kila mtu isipokuwa wako." Na ilikuwa kweli. Wote walitaka maua.

Ukuta wa sajenti ukatulia. Lakini alikuwa ameniambia hatahesabu mwezi kabla haujaisha, na soko la mwisho la Agosti likaja na mvua ambayo haikuwa ya Agosti. Ilinyesha asubuhi yote. Mitaro ikajaa mpaka ikalingana na lami, huwezi kujua barabara inaishia wapi. Saa za mchana mvua ikapungua, nikapangusa rimu zangu, nikampakia abiria kwenda upande wa Mundika. Abiria alikuwa yule karani wa forodha, tena kwa nguo nyeupe. Alisema ananiamini mimi tu.

Sajenti alikuwa amesimama kwenye njia panda na koti lake la mvua. Nikampungia mkono. Nikapita. Na mbele yangu, upande wangu, akija mjini akinitazama, nikamwona Mama Nekesa.

Siku hiyo Wesonga alikuwa ameharibikiwa na mnyororo, kwa hivyo mama alikuwa anatembea. Kichwani kikapu cha mtama amekishika kwa mikono yote miwili. Nilimwona akiniona. Nilimwona akitafuta pa kutokea kama tulivyokubaliana, na hapakuwa na pa kutokea. Kando yake kulikuwa maji tu, na mtaro wa hapo unaweza kumeza mtu mzima mpaka kifuani. Akasimama.

Na nyuma yangu nikasikia lori.

Lilikuwa limetoka forodha, limeshiba, na lilikuwa linanipita. Niligeuza jicho mara moja tu, si kwa dereva. Gurudumu la mbele lilikuwa limenyooka. Halikuwa na nafasi ya kwenda kokote, na mimi pia sikuwa nayo. Kulia lori, kushoto mama, nyuma yangu karani amenishika mkanda. Mwili wangu wote ulitaka kukata. Nawaambia kweli, mikono yangu ilikuwa imeshaanza, kwa sababu tangu utotoni mikono ilifundishwa hivyo. Nikaiambia hapana. Nikashusha kandambili, nikakandamiza, nikashika hendeli kama mtu aliyeshika pembe za ng'ombe, nikanyooka.

Mama Nekesa hakuwa na mkono wa kuvuta leso. Akafumba macho. Akasimama wima kama mlingoti, uso wake wote uko wazi, mvua inamtiririka mashavuni, na mimi nikapita hapo kati. Kiwiko changu kiligusa leso yake. Lori likapita upande wa pili na upepo wake ukatusukuma sote kidogo, halafu likaisha, na barabara ikawa kimya, na hakuna mtu aliyekuwa majini.

Nilienda mbele kidogo kabla miguu haijakumbuka kukanyaga.

"Huyo mama ni nani?" karani akauliza. "Nilidhani tutamgonga."

"Simjui," nikasema.

Niliporudi sajenti alinisimamisha. Alikuwa ameona yote. Akanipa sigara, na mimi sivuti, nikaichukua. Kesho yake mwezi ukaisha. Akatuita steji nzima nyuma ya ofisi, tukaona Agosti yake imekaa kama miezi mingine, vijiti vichache, ile siku ya kengele yote ameihesabu kama kijiti kimoja. Akasema, "Bebeni watu." Alisema hivyo tu. Wesonga akapiga kengele mpaka ikang'oka, na hakuna aliyeingia mtaroni. Wake zetu walipika siku hiyo kama ni Krismasi, na Mzee Ekisa alicheza, nikagundua alikuwa na magoti mazuri kuliko alivyokuwa anasema.

Jioni hiyo Nekesa alikuja kutoka kwao na ujumbe.

"Mama anasema alifumba macho."

"Nilimwona akifumba."

"Ndicho anachouliza. Je, wewe ulifumba?"

"Nekesa, ningefumba macho na lori kando yangu?"

"Kwa hivyo ulimwona usoni."

"Nilimwona."

"Anasema anashukuru sana ulinyooka. Anasema kama ungekata, leo angekuwa analia. Lakini umemwona usoni, na hilo haliwezi kwenda hivi hivi. Anataka jogoo."

Mimi nimesimamishwa na polisi wa nchi mbili. Nimekaguliwa breki, kengele, taa, hata godoro. Kwa miaka yote niliyoendesha hakuna aliyewahi kunitoza kitu kihalali, isipokuwa mama yule mmoja. Nilichagua jogoo mwekundu mwenye mkia mrefu, nikamfunga kwa kerea juu ya maua, nikaendesha polepole mpaka Mundika, watu wote njiani wakiuliza na mimi nikiwajibu kwa sauti kwamba naenda kulipa faini. Nikamwacha nyuma ya ukuta wa jiko. Nikakohoa, wajue nimefika. Halafu nikaondoka bila kugeuka, na nikiwa barabarani nilisikia jiko lote likicheka.